Mikono ya Odete Medeiros Haikuwa na Kosa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Odete Medeiros anatuaga baada ya kuitumikia maabara yetu ya Boston kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kwa kuosha chupa. Mwaka wa tatu tayari ndiye aliyeaminiwa kuandaa endostatini, kile kipande cha protini ya kolajeni kinachozuia mishipa ya damu kuchipua, hadi uvimbe wa saratani ukose damu na kunywea.

Siku ya theluji kubwa, treni ziliposimama, alitembea kwa saa mbili kuja kuangalia sampuli zake, huku sisi wasomi tumejifunika mablanketi. Panya wa majaribio hakuwapa majina; alisema ukimpa jina utamlilia. Mikate yake mitamu ya Kireno imetunenepesha sote.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Mwaka wake wa saba, maabara moja ya Texas iliomba endostatini iijaribu yenyewe. Odete alitaka aipeleke mwenyewe kwa ndege, ikiwa baridi tu.

"Ukiigandisha inakufa, Warren. Utawapelekea maji!"

Nikamcheka. "Wee Odete, hiyo ni protini, si mtoto mchanga!" Nikaigandisha, nikaituma.

Texas wakajibu kwamba haifanyi kazi. Kikaoni mkuu wetu akauliza nani ameiharibu, na macho yote yakamgeukia aliyeiandaa. Mimi nikanyamaza kimya. Odete akarudishwa kwenye chupa kwa miezi kumi na mmoja.

Katika miezi hiyo makala ya kueleza namna ya kuiandaa ikachapishwa. Namna hiyo aliibuni yeye, na baba yake, mkata samaki wa New Bedford, alikwisha kuwatangazia wenzake kwamba jina la bintiye litatoka. Halikutoka. Mzee alifariki majira ya baridi yaliyofuata.

Baadaye mtu wa Texas alikuja akajaribu endostatini isiyogandishwa, na uvimbe wa panya ukanywea mbele yake. Odete akarudi mezani kwake bila hata kuambiwa pole. Hakuwahi kunishtaki kwa mtu. Heri angenitukana.

Asante, Odete, kwa kazi na kwa subira yako. Nenda ukapumzike kwa raha; sote tunakuombea afya na siku nyingi njema. Jina la tatu kwenye makala ile ni langu. Nafasi hiyo ilikuwa yako.

Warren Tillinghast