Tope la Bwawa la Nishiwaki

Sogeeni, wanangu, na wewe Tomoaki acha kutazama saa. Treni ya Osaka itakuja nyingine, mama haji mwingine. Mihoko, niinulie mto. Hapo. Sasa msinikatize.

Miaka thelathini na minane nimefundisha chuo kikuu habari za samaki wa maji baridi, nanyi mkala wali wa jana kwa sababu mama yenu yuko matopeni. Kwa hilo siombi radhi, mlishiba. Linaloninyima usingizi ni bwawa la kijiji cha Nishiwaki.

Wale samaki wadogo mnaowalisha chumba cha nyuma walikuwa wa bwawa lile, na jike lao hutaga ndani ya kome aliye hai, yule chaza wa matopeni mwenye magamba mawili. Pasipo kome hakuna mtoto. Kila mwaka baada ya mavuno wanakijiji walifungua lango la maji, wakakausha bwawa, wakala kambare, wakabeba tope kupeleka mashambani. Mimi, msomi, nikaona wanaua. Nikahangaika ofisi hadi ofisi mpaka kikasimikwa kibao: Marufuku Kukausha. Mzee Nishiwaki, mshika lango, akaniambia mbele ya watu, “Profesa, tope halijui kusoma kibao chako.” Wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu langu lilibaki zima. Waliokufa ni kome. Tope lilipanda mwaka hadi mwaka, likawaziba pumzi, samaki wakakosa pa kutaga. Niliwaokoa hawa wachache, kisha, sikilizeni vizuri, nikaandika kitabuni kwamba ni dawa za mashamba ya wanakijiji zilizowamaliza. Nilijua si kweli. Mzee alikisoma. Tangu siku hiyo hakunisalimu.

Sasa ana miaka tisini na mmoja, na mkono wa kufungulia lango bado anao yeye. Manispaa imekubali kibao king'olewe, ila kijiji hakitafungua lango mpaka nikanushe nilichoandika kitabuni, nami miguu imenikataa. Kwenye kasha jeusi kuna barua. Msimpelekee keki na kuinama tu mkaondoka. Isomeni kwa sauti, kijiji kizima kisikie, jina langu na uongo wangu. Akiwatukana, pokeeni, hayo matusi ni yangu, nawarithisha.

Akifungua, vaeni mabuti mzoe tope pamoja nao. Tangulizeni kurudisha kome bwawani, wapo kijito cha juu. Samaki wasubiri majira ya kuchipua. Msiwe na haraka kama mimi. Nyumba ni ya Mihoko, na matanki yote ya samaki. Najua, Tomoaki, ulisema niyauze niweke mashine ya kufulia. Wewe chukua madaftari yangu ya bwawani, na usiyatupe, maana ukweli niliuandika humo.

Mihoko, maji... kidogo. Basi.

Mpendane, hata mkigombana. Mikono yenu isione haya ya tope. Mkikosea, semeni mapema, mngali na miguu ya kwenda kwa mtu. Nawabariki nyote... na watoto wenu... na huyo mzee mkaidi pia.

Nyamazeni. Mnasikia? Pampu ya tanki la tatu inakoroma. Usilie, Mihoko, nenda kaitazame... wanakosa hewa. Nenda. Mimi nitasubiri.