Mkono Mtupu wa Rubani Wassillie

Marehemu Wassillie Nikori alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 hapa Uivik, kando ya mto Kuskokwim, akiwa mtoto wa kwanza wa Nick na Marfa. Mimi, ninayeitwa Yako na ninayewasomea wasifu huu, ndiye niliyemfuata.

Alisoma shule ya hapa kijijini, kisha akaenda Anchorage kujifunza urubani, akapata leseni mwaka 1984. Tangu hapo alitubebea barua, nepi, vipuri vya pikipiki za theluji na wagonjwa wetu. Majira ya baridi hakuruka kabla ya kuvua glavu na kulipapasa bawa lote kwa kiganja, kwa kuwa barafu nyembamba kama karatasi huinyima ndege nguvu ya kupaa, na jicho haliioni. Tulimtania, tukamwita Bwana Papasa. Siku alipomwoa Olinka, tarehe 18 Novemba 1989, alitoka karamuni mara mbili kwenda kuikagua ndege. Shangazi yetu akauliza, "Kwani huyu kaoa binti wa watu au kaoa bati?"

Tarehe 9 Januari mwaka huu alikuwa ampeleke mkwewe, Mzee Evon, baba yake Olinka, kwa daktari wa macho kule Bethel. Kwetu mtu hangoji kuombwa msaada. Marehemu akiwa bado anakunywa chai, mzee alitangulia kwenye kiwanja cha ndege, akavua turubai za mabawa, akafagia theluji. Kisha ukungu ukashuka, ukaganda juu ya bati la mabawa lililo wazi.

"Tayari, mwanangu," mzee alimwambia marehemu alipofika.

Mkwe akishasema tayari, kumkagulia kazi yake mbele ya watu ni kumwita mwongo. Ndugu yangu hakuvua glavu. Ndege ilinyanyuka, ikatetemeka, ikalala ubavu, ikaanguka mwisho wa kiwanja. Mzee alitoka na bega lililovunjika.

Marehemu alilazwa Anchorage, akafariki tarehe 20 Januari. Kabla ya kukata roho alimwambia binti yake Nastasia, ambaye naye ni rubani, "Papasa, mama. Hata babu yako akisema tayari."

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mliyoshika. Nina hofu, nasema wazi. Nastasia ndiye wa kumrudisha kule Bethel Padri aliyekuja kutuzikia, na ukungu mnauona dirishani. Asubuhi hii Mzee Evon, bega likiwa limefungwa, alitangulia tena kiwanjani na ufagio wake. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Nastasia alipofika akaambiwa yale yale, kwamba ni tayari. Akavua glavu mbele ya babu yake, akapapasa hadi ncha ya bawa.

"Bado, babu."

Mzee aligeuka, tukadhani anaondoka na hasira zake. Kumbe alikuwa anavua glavu kwa meno. Akaweka kiganja kando ya kiganja cha mjukuu wake, akakiacha pale mpaka vidole vikawa vyekundu.

"Kweli," alisema. "Bado."

Marehemu ameacha mjane wake Olinka, binti yake Nastasia, mimi mdogo wake, na mkwewe Evon, aliyeketi hapa mbele. Padri, utalala kwetu leo, samaki mkavu tunao.

Mungu akulaze pema, kaka. Hakuna atakayeruka hapa mpaka binti yako aseme.