Bi Bitana na Bahasha za Mjukuu

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1950, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama alikuwa akisema mtoto huyu hakulia alipozaliwa, alipiga chafya. Alinifuata ziwa, kwa hiyo nina haki ya kusema alikuwa mbishi.

Shule alisoma mpaka darasa la saba, akamaliza mwaka 1965. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Ila madaftari ya darasa zima aliyatia majalada yeye, hata mwalimu wake akamwambia mama, huyu mpeni karatasi, chaki mwacheni.

Mwaka 1968 aliajiriwa kufagia kwa mpiga chapa wa kadi za mialiko. Siku moja akaokota mabaki ya karatasi ya maua, akayakata kwa kigezo cha kadibodi, akayatia ndani ya bahasha kama fundi cherehani anavyotia bitana ndani ya koti. Tajiri akatazama, akamnyang'anya ufagio. Tangu hapo akawa Bi Bitana, na wengine mlioketi hapa jina lake la nyumbani nadhani mmelisikia leo kwa mara ya kwanza. Sheria yake ilikuwa moja: karatasi ikome kabla ya gundi ya mdomo wa bahasha. Ukiifunika gundi, alisema, umemvalisha mtu koti lisilo na vifungo.

Tarehe 17 Agosti 1974 aliolewa na fundi baiskeli, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele. Kwa ajili ya grisi alipigwa marufuku kusogelea meza ya karatasi, ambayo ndiyo ya kulia pia, akawa anaomba chumvi kutoka mlangoni kama jirani. Walijaliwa binti mmoja, na binti akawaletea mjukuu wa kike.

Mwaka 2019 mikono ya marehemu ikaanza kutetemeka. Dawa zilifanya zilivyoweza, lakini ugonjwa ukazidi kumlaza. Mwaka jana mjukuu akachumbiwa, na bibi akatangaza kwamba bahasha za mialiko ni kazi yake, asiguse mtu. Tukamwachia. Alipomaliza, binti yake akajaribu kufunga moja, haikushika. Nyingine, vilevile. Karatasi ilikuwa imepanda juu ya gundi, zote.

Tukakutana jikoni tukinong'ona kama wezi. Wengine walitaka zinunuliwe nyingine kimyakimya. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa imembakia, na tuliogopa akijua itamvunja moyo, aondoke duniani na huzuni hiyo. Shemeji akasema hajawahi kumdanganya mkewe, na hawezi kuanza uzeeni kwa sababu ya bahasha. Akaingia chumbani, akamwambia.

Marehemu aliigeuza ile bahasha, akaigeuza tena. Kisha akacheka, kitanda kikacheka naye.

"Kumbe nimewavalisha makoti ya wazi," akasema. "Haya, leteni gundi na brashi. Pakeni kwenye tumbo la bahasha, pale mdomo unapolala. Gundi haiulizi iko upande gani, mradi mdomo na tumbo vikutane."

Akamtazama mumewe. "Nawa, mzee. Mpaka viwiko."

Shemeji alipaka zote, yeye akikagua kutoka kitandani na kumwita kibarua. Zikafunga. Msiniulize nani alifurahi zaidi. Mimi nilitoka nje kupunga hewa, machozi yalikuwa yamenizidi.

Harusi ilifanyika tarehe 10 Mei mwaka huu, naye alikuwepo, kwenye kiti cha magurudumu, akiwauliza wageni kama bahasha zao ziliwasumbua kufungua. Alifariki nyumbani, usingizini, Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa tisa alasiri. Nilipoingia nilitazama mikono yake kwanza. Ilikuwa imetulia. Tunalia, ndiyo, lakini tumeshusha pumzi pia, maana tulichokiogopa hakikumpata.

Ameacha mume, binti na mkwewe, mjukuu na mumewe, nasi ndugu zake watatu tuliobaki.

Apumzike kwa amani mdogo wangu. Mezani hakuacha kiporo.