Zeituni Abdulrahman na Kachinja wa Krismasi

Tarehe 30 Novemba 2024, Bi Zeituni Abdulrahman anastaafu baada ya kuitumikia Hoteli ya Kwe kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi wetu tulimkuta hapa, na wengine, tukisema ukweli, tuliajiriwa kwa sababu yeye alituombea.

Alizaliwa Kaloleni, hapa Kisumu, katika nyumba ambayo Kiswahili na Dholuo vilizungumzwa kwenye sahani moja. Babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo, bibi yake alikuwa wa hapa hapa ziwani. Alianza kazi mapokezi mwaka 1993, hoteli ilipokuwa na vyumba vichache na jenereta iliyozimika kila mvua iliponyesha. Umeme ulipopotea, Zeituni hakuwaomba wageni radhi. Aliwaita sebuleni, akawasha taa ya mafuta, akaanza kuwasimulia hadithi. Baadhi yao walisikitika stima iliporudi.

Hadithi waliyoipenda zaidi ilikuwa ya bibi yake. Enzi za mkoloni, bibi huyo alikuwa akiwaonya watoto wasitembee peke yao, kwa sababu kulikuwa na watu wa gari jekundu waliokamata wapita njia na kuwanyonya damu. Upande wa babu waliwaita mumiani. Upande wa bibi waliwaita kachinja. Zeituni alisema kwao jambo hilo lilileta mabishano kila jioni: wazee walikubaliana kabisa kwamba damu ilinyonywa, wakagombana tu juu ya jina la mnyonyaji.

Hadithi hiyo ndiyo iliyobadilisha Krismasi yetu. Miaka kumi na kitu iliyopita, meneja wetu, Bwana Usama, alitaka kuwavutia watu wa Nairobi wanaorudi nyumbani Desemba. Aliona kwenye mtandao jinsi hoteli za ng'ambo zinavyojaza vyumba kwa sherehe za wanyonya damu, akaagiza majoho meusi na meno ya plastiki. Mhudumu wetu Calvince ndiye aliyevishwa kwanza. Joto la Kisumu lilimtoa jasho hadi rangi ya uso ikashuka shingoni, na kwa yale meno alishindwa kabisa kutamka "Karibuni supu." Watoto walicheka hadi wakalia. Hakuna hata mmoja aliyeogopa.

Jioni ile Zeituni alimvuta Calvince pembeni, akamvua joho, akakaa mbele ya watoto na kusema kwa sauti ya chini kwamba gari jekundu halikuwahi kupiga honi, lilipiga kengele. Kicheko kilikoma. Mtoto mmoja alipanda mapajani pa mama yake. Mwaka uliofuata vyumba vyote vya Desemba vilijaa kabla ya Oktoba kuisha, na Zeituni akapandishwa cheo kuwa mkuu wa burudani na utamaduni.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumpigia makofi. Lakini waliokuwepo mwaka 2018 wanajua kwamba jambo kubwa alilofanya Zeituni lilikuwa kulisimamisha onyesho lake mwenyewe.

Kufikia wakati huo onyesho lilikuwa limekua kupita kiasi. Tulikuwa na Land Rover kuukuu iliyopakwa rangi nyekundu, kengele ya shaba juu yake, na vijana wenye majoho walioshika chupa za juisi nyekundu ya bitiruti, kama damu. Wiki ya Krismasi gari hilo lilizunguka fuo za jirani kutangaza burudani. Lilipita pia Kamolo, kijiji cha wavuvi kilicho karibu nasi, vijana wakipaza sauti kwamba wanakuja kuchukua damu. Sisi tuliona ni utani mzuri.

Kesho yake asubuhi, gari la kukusanya damu kwa ajili ya wagonjwa likafika Kamolo. Nalo lilikuwa na mstari mwekundu ubavuni. Ndani walikuwemo muuguzi Nasipwondi, aliyekuwa mgeni katika eneo hili, na dereva Masinde. Hata meza hawajapanga, watu walilizunguka gari wakiwa na makasia na mawe. Jiwe moja lilipasua kioo na kumchana Masinde kwenye paji la uso. Walijifungia ndani. Mchuuzi wa samaki anayetuuzia ngege alikuja mbio jikoni kwetu kutuambia.

Zeituni alikuwa anafanya mazoezi na vijana uwanjani. Aliwaambia wavue majoho na wasimfuate. Alienda kwa miguu, mtandio wake ukiwa bado na vumbi la mazoezi, na Calvince akakaidi agizo akamfuata. Kwa hiyo tunayo habari hii kutoka kwake.

Aliyesimama mbele ya gari alikuwa Awuor, mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtoto wake wa miaka miwili amemfunga mgongoni.

"Mama, wewe ni wa hoteli," Awuor alimwambia. "Jana gari yenu ilipita hapa na kengele. Mlisema mnakuja kuchukua damu. Leo wamekuja. Sasa unataka tuseme nini?"

Calvince anasema alimtarajia Zeituni awaambie watu waache ujinga. Hakusema hivyo.

"Ni kweli tulisema," alijibu. "Tulikuwa tunacheza, na tulicheza vibaya. Mlichoogopa kina sababu, na sababu hiyo ni sisi. Lakini hawa walio ndani si sisi. Yule dereva anatoka damu. Niacheni nimfungulie mlango."

"Na hizo sindano zao?"

"Nitawaonyesha kwa mkono wangu. Mimi nitatolewa kwanza."

Kundi halikumpisha mara moja. Mtu mmoja nyuma alipiga kelele kwamba huyu ndiye mkubwa wao, na jiwe likaangukia karibu na miguu yake. Calvince anakiri kwamba alitaka kukimbia. Zeituni alibaki amesimama hapo hapo akimwangalia Awuor, hadi Awuor mwenyewe alipogeuka na kuwaambia wenzake washushe makasia.

Mlango ulipofunguliwa, Zeituni alimfunga Masinde kichwa kwa mtandio wake. Kisha akamwomba muuguzi atoe kiti na kukiweka nje, juani, mahali ambapo kila mtu angeona. Nasipwondi alikitoa kiti, kisha akairudisha sindano kwenye sanduku.

"Siwezi sasa hivi, Mama."

"Pumua kwanza, mwanangu. Mimi sina haraka."

Zeituni alitolewa damu mbele ya kijiji kizima. Muda wote huo alikuwa akiwaeleza kinachotendeka, kama mtangazaji wa mpira: sindano inaingia, ndiyo, inauma kidogo, mnaona mfuko unavyojaa, sasa napewa soda. Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kusogea. Awuor aliuliza damu ile inapelekwa wapi, na Nasipwondi, sauti ikiwa imerudi, akamwambia wodini, na mara nyingi kwa akina mama wanaojifungua. Awuor alisogea karibu na kiti. Dada yake alikuwa amefariki akijifungua, na familia iliambiwa siku ile kwamba hospitalini hakukuwa na damu. Alimfungua mtoto mgongoni, akampa jirani, akaketi kwenye kile kiti.

Si kijiji chote kilichomfuata. Wengi walirudi kwenye nyavu zao. Lakini gari liliondoka Kamolo kwa amani, likiwa na mifuko michache iliyojaa.

Mchana ule Zeituni aliingia ofisini kwa Bwana Usama akataka gari jekundu lisitoke tena. Hoteli ilikuwa imejaa, na onyesho lilikuwa keshokutwa.

"Mama, wageni wamekuja kwa ajili ya hiyo gari," meneja alimwambia.

"Najua. Ndiyo maana nitawaambia mimi, si wewe."

Mkesha wa Krismasi alisimama mbele ya wageni, bila joho na bila kengele, akawasimulia yaliyotokea Kamolo. Familia mbili zilikasirika, zikafunga virago asubuhi. Waliobaki waliuliza maswali hadi chakula kikapoa, na mzee mmoja kutoka Bondo alisema hiyo ndiyo hadithi ya kachinja iliyomtisha kuliko zote alizowahi kusikia, kwa sababu ilikuwa ya kweli.

Januari Zeituni alirudi Kamolo, safari hii kuuliza badala ya kutangaza. Aliwauliza watu wa pale kama wanataka hadithi zao zisimuliwe, nani azisimulie, na kwa namna gani. Kutokana na mazungumzo hayo, yaliyochukua karibu mwaka mzima na vikombe vingi vya chai, ikazaliwa sherehe tunayoijua leo: kila Desemba wageni wetu hushuka Kamolo, hula samaki waliopikwa na akina mama wa pale, husikiliza simulizi za kachinja kutoka kwa wenye simulizi, na asubuhi yake meza ya damu hupangwa hadharani. Nasipwondi huja mwenyewe. Ile Land Rover ilipakwa rangi ya kijani, na sasa hutuletea mboga kutoka soko la Awasi.

Kazini Zeituni hakuwa malaika. Alichelewesha mikutano kwa salamu ndefu, aliwagombeza wapishi kuhusu chumvi ingawa jikoni hakukuwa idara yake, na hakuna aliyewahi kumshinda katika bao. Wakati wa Ramadhani alifunga na bado akaonja kwa macho kila sahani iliyotoka. Ameahidi kwamba atakuwa Migosi kwa dada yake Khadijah, akilima sukumawiki na kulala hadi saa tatu asubuhi.

Jumamosi iliyopita tulimpeleka Kamolo kuagwa. Kwa mara ya kwanza hakukaa mbele. Alikaa chini kwenye mkeka, kati ya watoto, na Awuor akasimulia. Awuor alianza polepole, akashusha sauti, akanyamaza kabisa, kisha akapiga sufuria ghafla kwa mwiko. Katika umati wote ule, aliyeruka na kupiga yowe kubwa kuliko wote alikuwa Zeituni Abdulrahman. Alicheka hadi akafuta machozi kwa pembe ya mtandio, akamwambia Awuor aanze upya.

Mama Zeituni, asante, na kwa lugha ya bibi yako, erokamano. Siku zako mbele ziwe na afya, usingizi mtamu na watu wa kukusimulia. Desemba njoo kama mgeni; mkeka wako utakuwa umetandikwa.

Debra Achieng, Mapokezi, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Hoteli ya Kwe