Msichana wa Basi Namba Saba

Ilikuwa asubuhi ya Machi, jua limerudi Finland baada ya miezi ya kiza na theluji inachuruzika kutoka kwenye mapaa, na benchi la mbele ya kibanda cha Anneli, pale basi namba saba linapogeuzia, lilikuwa limeshapata wenyewe. Kushoto alikaa Reino, mstaafu wa forodha. Mtaa mzima ulimwita Forodha, maana hata mkate wa jirani aliutazama kana kwamba kuna kitu kimefichwa ndani. Katikati alikuwa Raili, aliyepika shuleni miaka thelathini, ndiye Mama Supu. Kulia alikuwa Oiva, aliyeendesha lori la magogo mpaka mgongo ukagoma. Huyu walimwita Gogo, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ukimya wake. Kahawa ilikuwa kwenye chupa ya Mama Supu, na maandazi ya iliki yalikuwa bado ya moto, lakini Oiva hakuwa ameligusa lake. Saa mbili simu ya shule ilimkuta anakoroga uji: mjukuu wake Venla, wa miaka kumi na sita, ana siku kumi na moja hajaonekana darasani. Na siku zote hizo kumi na moja Venla alitoka nyumbani na begi mgongoni, akaaga, akafunga mlango taratibu. Oiva hakuwa amemwambia mtu.

— Pale shuleni kuna kitu kinaendelea, akaanza Forodha. Watoto wanapungua.

— Wanapungua vipi, wanayeyuka? akauliza Mama Supu.

— Cheka tu. Binti wa mwenye duka la baiskeli hatoki chumbani tangu Krismasi. Kaka yake anatapika kila Jumatatu, Jumamosi mzima wa afya. Niambie ni ugonjwa gani huo unaojua kusoma kalenda.

— Kuvu, akasema Mama Supu. Lile jengo limeoza. Ukivuta hewa ya mle ndani unashikwa na huzuni hata kama ni siku ya harusi yako.

— Wewe umeivuta miaka thelathini, mbona hunyamazi?

— Mimi nilikuwa karibu na dirisha, bwana.

Oiva akajikohoza.

— Shule yenyewe inasema ni nini?

Wote wawili wakamgeukia. Gogo kuuliza swali ilikuwa habari.

— Wanasema wasiwasi, akasema Forodha. Wanasema sonona. Maneno ya kufunikia hayo! Nimesimama mpakani miaka ishirini na sita. Mwenye mzigo kwenye buti ndiye anayekuja na maneno mazuri.

— Enzi zangu, akadakia Mama Supu, ukikataa shule baba anakuonyesha shoka na rundo la kuni. Hesabu unazikumbuka mwenyewe.

— Sasa sikilizeni, akasema Forodha. Wale watoto si wamegawiwa kompyuta? Zile kompyuta zinawachungulia. Zinajifunza kila mmoja anaogopa nini, zinaandika, zinapeleka.

— Zinapeleka wapi?

Forodha akanyoosha kidevu kuelekea mashariki, upande wa Urusi, akanywa kahawa kama mtu aliyemaliza kesi.

— Toka hapa! Mama Supu akacheka mpaka kikombe kikamwagika. Yaani huko wana haja ya kujua mtoto wa mtaa wetu anaogopa mtihani wa kemia?

— Hujui ukubwa wa mambo, mama. Kuna msichana mmoja nimemchunguza. Kofia ya njano, basi namba saba, saa nne asubuhi, saa za masomo! Begi amelikumbatia kifuani. Basi linafika hapa, yeye hashuki. Dereva anapumzika, yeye kimya. Basi linarudi, naye anarudi nalo. Nani anapanda basi asiende popote? Ni msafirishaji yule. Vidonge. Naapa, mle begini mna vidonge vya shule nzima, na kesho napiga simu polisi.

Oiva akageuka ghafla, kahawa ikamchoma vidole. Kofia ile aliifuma marehemu mkewe.

— Funga mdomo, Reino.

Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita Forodha kwa jina lake.

— Huyo ni Venla wangu.

Mama Supu akaweka chupa chini. Forodha akawa mwekundu mpaka masikioni.

— Oiva, ndugu yangu, sikujua.

— Hata mimi sikujua.

Basi namba saba likaingia, likazima injini. Dereva akashuka, mwanamke wa makamo, mgeni kwenye njia ile, akanunua kahawa na kusimama karibu nao kuota jua. Forodha, pamoja na aibu yake yote, alishindwa kujizuia.

— Dada, yule msichana wako wa nyuma kabeba nini begini?

— Vitabu. Vilimwagika Jumatano, tukaviokota pamoja.

— Sasa mbona hashuki?

— Husimama. Kila siku tukifika kituo cha shule anasimama, anashika chuma, nafungua mlango. Namsubiri mpaka abiria wananung'unika. Anatetemeka mwili mzima. Halafu anakaa tena, nami nafunga mlango.

Akawatazama mmoja mmoja.

— Kwani mnamfahamu? Anaogopa nini?

Mama Supu akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Oiva alikuwa ameishi nyumba moja na mtoto yule tangu alipozaliwa. Alijua namba ya kiatu chake, alijua hapendi njegere, alijua alama zake za hesabu za kila muhula, kwa sababu swali lake mezani lilikuwa moja tu: umepata ngapi? Hili la leo hakulijua.

Akainuka, akaingia basini. Venla alipomwona, uso ukamwisha damu.

— Babu, nitakueleza...

— Sikuja kukukagua. Sogea.

Akakaa. Basi likaondoka, wakapita vituo viwili.

— Inakuwaje? akauliza Oiva.

— Kama mtu amenikalia kifuani. Nikiuona ule mlango pumzi inakata. Naona nitakufa pale pale, watu wakinitazama. Halafu naona aibu, na kesho yake inakuwa mbaya zaidi.

— Tangu lini?

— Novemba.

Oiva akatazama mikono yake.

— Mwaka niliopinduka na lori kwenye barafu, nilikaa wiki sita nikipanda kwenye usukani uani bila kuwasha injini. Nilimwambia bibi yako betri imekufa.

— Wiki sita, betri?

— Alijua. Siku moja akaja akakaa kiti cha pili na sindano zake, akafuma mpaka mchana. Hakuniuliza kitu. Ndipo nikaanza kusema.

Basi likasimama mbele ya shule, mlango ukafunguka. Venla akaukamata mkono wa koti la babu yake.

— Leo siwezi.

— Sijasema ushuke. Yule muuguzi wa shule aliyenipigia simu asubuhi alisema, ukishindwa kuingia shuleni, anaweza kutukuta maktaba ya mjini. Utamwambia kama ulivyoniambia. Mimi nitakaa karibu au nitatoka nje, utachagua mwenyewe.

— Akisema nadanganya?

— Basi atakuwa ameniita mwongo na mimi, kwa sababu nimekuamini.

Mlango ukafungwa. Venla akalia vituo vyote vilivyobaki, bila sauti, begi likiwa mapajani mwa Oiva. Maktaba ilipoonekana, akajifuta uso kwa kiganja, akabonyeza kengele mwenyewe.

— Kaa karibu, akasema.

Wakashuka.