Mikeka Iliyobaki Ukutani

Fungueni huo mlango kwanza, nione ni miguu ya nani imesimama barazani. Ni wewe, Maalim? Karibu ndani, usikohoe huko nje kama mpelelezi. Kaa hapa karibu na kichwa changu, wewe na jirani yetu Ngumbao, kwa sababu ninayotaka kusema leo yanahitaji masikio ya watu wawili wasiorithi hata kidaka kimoja cha nazi kwangu. Wanangu, Mwidani na Matano, kaeni hapo ninapowaona nyote, msikae nyuma ya pazia mkakonyezana. Na wewe mkaza mwanangu Mwanarehema, usikimbilie jikoni. Mlaze mtoto, usikilize.

Mimi Mwanasaumu binti Matano, wa hapa Likoni, mwili umenishinda lakini akili ninazo. Msije mkasema kesho kwamba bibi kizee alikuwa akiweweseka.

Shamba hili alinipa mama yangu, na minazi yake mtaigawana kama sheria inavyotaka, wala sina neno hapo. Mbuzi ni wenu. Kitanda hiki mpeni anayekihitaji. Lililonikosesha usingizi ni lile la huko ukingoni mwa jabali, nyumba ya mizinga waliyoijenga askari wa vita, na nitalisema lote, na atakayenikatiza nitamkumbuka mpaka ninapokwenda.

Mnajua ilivyokuwa. Mwaka ule Mtaliana alipoingia vitani, askari walikuja wakatuambia tuhame upande wa bahari, wakatusukuma huku juu, wakasema vita vikiisha tutarudishiwa. Sikuwaamini. Nilikuwa nakwenda kila siku kwa kisingizio cha kuokota kuni, nione wanafanya nini juu ya ardhi ya mama yangu. Nikawaona wanapiga mbao ili wamwage zege, na mkubwa wao, mwembamba mmoja mwenye masikio mekundu, hana furaha. Mkalimani akanieleza kwamba ukuta ukiwa laini utang'aa juani, meli ya adui itauona kutoka mbali, na yeye anataka ukuta unaofanana na jabali letu, wenye mikwaruzo na vivuli. Basi akauona mkeka wangu niliotandika chini nikakalia. Akainama, akaupapasa, akacheka peke yake kama mtoto aliyeokota kitu.

Ndivyo ilivyoanza. Akaomba mikeka, ile mikuukuu, wanawake wa Likoni tukaileta, ilipokwisha tukasuka mingine kambini kwao, yote ikapigiliwa ndani ya mbao, zege likamwagwa juu yake, na mbao zilipotolewa mikeka ikabanduliwa, lakini sura yake ikabaki. Kila ukili tuliousuka, kila mshono. Nilimchunga sana yule mtu nijue anatafuta nini kwetu. Askari wenzake walikanyaga mikeka yetu kwa mabuti, yeye alikuwa akizunguka pembeni asiikanyage. Nilingoja nione ubaya wake uko wapi, mpaka akahamishwa, sikuuona. Na nawaambia kweli, ukisimama ufukoni ukatazama juu, huwezi kusema jabali limeishia wapi na ukuta umeanzia wapi. Meli za adui hazikuja. Mizinga ikachukuliwa, ardhi nikarudishiwa, ukuta ukabaki.

Nipe maji, Mwanarehema. Kidogo tu. Tia wewe mwenyewe, kutoka mtungini.

Katika wanawake wale alikuwapo Nyamvula, binti wa Kanze. Mlikuwa mkimwita dada. Mimi ndiye niliyemwita kazini, kwa sababu hakuna aliyesuka kama yeye, mikeka yake ilikuwa haiachi hata mchanga kupita. Mvua zilipokuja ile kambi ikajaa maji na mbu, homa ikamshika, haikumwachia. Kanze akaja mlangoni kwangu mbele ya watu akasema, "Mwanasaumu, umempeleka mwanangu kwa askari, umenirudishia maiti." Tangu siku hiyo salamu yangu haiitikii. Macho yake yakaingia giza, bado haitikii. Mimi nami sikwenda kumbembeleza. Homa ile sikuileta mimi. Hilo tumeliacha hivyo, na nyinyi msijitie kutupatanisha nikiwa sijiwezi.

Sasa wewe, Mwidani. Niangalie. Tangu lini unaniletea halua? Mwaka mzima ulikuwa huji ila kwa harusi na matanga, mara unakuja kila Ijumaa na halua ya Mombasa, unanipepea, unaniuliza nimelalaje. Nikajua kuna jambo. Nikafumba macho, nikakoroma kidogo, nikakusikia hapo barazani na yule tajiri anayenunua mbata za nazi, mnaongea kwamba nyumba ya mizinga ni kavu, ina mlango mmoja, inafaa kuwa ghala, ila kuta zipigwe lipu ndani na nje maana wadudu wanajificha kwenye mikwaruzo. Na magunia ya chokaa yako nyuma ya choo, umeyafunika makuti. Ulidhani mama yako haendi chooni?

"Mama, ni ukuta tu," unasema. "Alama za mikeka haziliwi."

Haziliwi, kweli. Na halua yako nimeila yote, umeniona nikikataa? Nyamaza basi.

Na wewe Matano usitabasamu, maana nawe nilikushuku, kisha nikamshuku mkeo kuliko nyote. Ndiyo, Mwanarehema, wewe. Nilikuona kila Alhamisi, jua likiwa la utosi, watu wamelala, unajifunga leso, unamfunga mtoto mgongoni, unatoka kwa mlango wa uani bila kuaga. Unakwenda upande wa jabali. Nikasema, huyu ndiye anayewafungulia. Huyu anakutana na mtu wa tajiri, wanapima. Nikanusa hata uji ulionipikia. Uji ulikuwa mzuri, nikaushuku kwa uzuri wake.

Alhamisi moja, kabla miguu haijanikataa, nikakufuata na fimbo yangu. Nilikwenda nikipumzika kila mnazi. Nikajibanza nyuma ya kichaka cha mkilifi, ninajua leo namkamata mtu.

Nikamkuta Kanze.

Ulikuwa umemshika mkono, unamwambia, "Hapa kuna jiwe, mama, inua mguu." Ukamfikisha ukutani. Ukauchukua mkono wake ukauweka juu ya zege, kisha ukarudi nyuma ukamwachia. Naye akaanza kupapasa, polepole, ukili baada ya ukili, huu si wake, huu si wake, mpaka akafika mahali vidole vikasimama. Akasema, "Huu hapa." Mwanamke haoni kitu, lakini mkono wa mwanawe aliujua. Kisha vidole vikarudi nyuma kidogo, akacheka, akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akimgombezea, "Hapa aliruka jani. Nilimwambia afumue, akasema, mama nani atakayeona?"

Wewe ukamtandikia leso yako akae chini ya kivuli, wewe ukakaa juani na mjukuu wangu, nikataka kukukemea kwa hilo. Sikukukemea. Nilirudi nyumbani. Sikumwambia mtu, na wewe hukujua, na ndiyo maana sasa unalia. Usilie, mtoto ataamka. Ulinificha kwa sababu ulijua jinsi mimi na Kanze tulivyo. Ulifanya vyema kunificha. Ningekukataza.

Maalim, sikiliza kwa makini, nawe Ngumbao, maana pumzi inanipungukia. Mwenyewe ulinifundisha kwamba mrithi hausiwi, na wosia hauvuki theluthi. Mkaza mwana si mrithi wangu. Basi nyumba ya mizinga, na uwanja wake, na njia ya kuifikia kutoka barabarani, hivyo vyote ni vya Mwanarehema. Umesema mwenyewe haifiki theluthi. Sema tena, waisikie. Haya. Mmesikia.

Mwidani, utakasirika, utasema huyu ametoka Mtongwe juzi tu, ana nini na ardhi yetu. Kasirika leo, kesho uache. Usimpeleke barazani kwa kadhi, utajiaibisha. Chokaa yako kapake nyumba yako, mkeo analalamika kuta zinamwaga mchanga. Ukuta ule usipigwe lipu, usipakwe rangi, usiwekewe mlango wenye kufuli. Yeyote ambaye mama yake au nyanya yake aliacha mkeka pale, aingie, apapase, aondoke. Asiulizwe amefuata nini. Mimi nimeuliza maisha yangu yote, inatosha.

Niinueni kidogo. Hapo.

Leo ni Jumatano, siyo? Kesho... kesho nadhani mtakuwa na shughuli nami. Uani kutajaa watu, wanawake watakuwa wamekaa mpaka barabarani, na mkaza mwana wa marehemu akionekana anatoka na leso mchana, maneno yatakuwa mengi. Waacheni waseme. Mwanarehema, jua likifika utosini, hata kama sijatolewa, nenda ukamchukue Kanze. Asikose siku yake kwa ajili yangu. Usimwambie nimekufa mpaka mrudi.

Matano, usimzuie. Mwidani... Mwidani, mfuate. La, hapana. Usimfuate nyuma, fuatana naye. Wewe mpokee mtoto. Umbebe mwenyewe, umkinge jua. Ile njia ina mawe, na Mwanarehema anahitaji mikono yote miwili kumshika Kanze.

Mungu awape... awape subira ya kukaa pamoja. Awafungulie riziki isiyo na hila. Mwanarehema, mikono yako... Mola aibariki mikono yako. Njooni karibu. Nyote. Msiniogope, simshuku mtu tena.

Acheni mlango wazi.