Mlima Aliotaka Kupandishwa Armel

Sogeeni hapa, wanangu. Huyo mwenye karanga amalize kutafuna kwanza, na simu ziwekwe chini, maana sauti yangu siku hizi haishindani na kitu. Nawapa habari ya benchi letu la Greyville, lile la ukutani kwa duka la simu, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Ilikuwa Julai, mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa hapa South Africa. Nilikuwa nauza pale kahawa na chai ya tangawizi, na Armel, mjukuu wangu, alikuwa kinyozi mlango wa pili. Katika wote niliotoka nao Burundi, ni yeye peke yake aliyefika nami Durban. Basi niliposikia anataka kwenda milimani kuteleza kwenye barafu, sikujali kama atafurahi. Nilitaka kujua kama atarudi.

Aliyemwalika ni Melvin, Mkenya, mwanafunzi wa chuo kikuu, mteja wake wa kunyoa ambaye alikuwa amegeuka kuwa rafiki. Melvin alikuwa ameteleza mara moja, huko Ulaya. Alituonyesha picha kwenye simu: watu wamefungwa mbao ndefu miguuni, fimbo mkononi, wanashuka mlima mweupe kama unga. Alisema kutojua si shida, siku ya kwanza atamshika Armel mkono, siku ya pili Armel atashuka mwenyewe.

Kwenye benchi alikuwepo Gustave, Mkongo, fundi wa friji, tuliyemwita Papa Friji. Yeye alichukulia kwamba neno lolote la barafu hapa mtaani lazima lipite kwake.

— Barafu mimi niko naijua, akasema. Inashika. Ukiigusa na mkono wenye maji, inabaki na ngozi yako.

— Atavaa glavu, Papa, Melvin akajibu.

— Na pua? Iko glavu ya pua?

Wa pili alikuwa Onesphore, mlinzi wa magari pale kwenye robot, zile taa za barabarani. Naye tulimwita Robot, kwa sababu akitaka kusema huinua mkono na wewe unasimama. Baridi haikumsumbua. Alitaka kujua breki iko wapi. Melvin akaeleza kwamba unakutanisha vidole vya miguu kwa mbele, magoti yamekunjwa, kama mtu aliyebanwa na haja.

— Yani breki ni miguu yake mwenyewe, Robot akasema. Eish. Hata taxi mbovu ya hapa iko na kitu kingine.

Armel akajaribu palepale, mkasi bado mkononi, vidole ndani, magoti yamekunjwa. Mteja aliyeachwa kichwa nusu alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka shingoni.

Wakaendelea. Papa Friji alisema mtu akisimama sana juu ya barafu damu yake inalala kabla yake, kwa hiyo Armel apakwe mafuta ya samaki na asifumbe macho. Robot akaona bora apewe vuvuzela, aipulize toka juu mpaka chini, walio mbele wapishe. Papa Friji akakataa katakata: barafu haipendi kelele, yeye ameona, ukibamiza mlango wa friji kipande kizima kinaanguka, sasa mlima je? Mwishowe wakakubaliana Armel afungwe kamba kiunoni, Melvin aishike akiwa juu. Nikauliza nani atamshika Melvin. Robot akainua mkono, akasema hilo bado wanalijadili.

Nilicheka nao, lakini kahawa nilimwaga nje ya kikombe mara mbili. Armel aliona. Akaja kuinama karibu yangu.

— Bibi, nitarudi. Niko na vichwa vya watu vinaningoja.

Hapo ndipo alipofika Nahimana. Anafanya kazi za nyumbani Queensburgh, ni mwanakwaya wa kanisa letu, na siku hiyo alikaa na sisi kwa mara ya kwanza, ameshuka taxi amechoka. Aliposikia safari, akasema ataitaja kwenye maombi, basi aambiwe mlima wenyewe uko wapi.

— Lesotho, Melvin akasema. Si mbali.

— Lesotho si nchi nyingine?

— Iko ndani ya South Africa, Papa Friji akamjibu. Angalia ramani, imezungukwa pande zote. Kama kokwa ndani ya avoka.

Robot hakuinua mkono safari hii.

— Kokwa iko na ngozi yake, akasema polepole.

Pale kwenye benchi, ukimtoa Melvin, sote tulikuwa watu wa karatasi ya ukimbizi. Tulijua inatulinda hapa mjini. Hakuna aliyewahi kuivusha mpaka. Tulikuwa tumemwogopea Armel pua na magoti, na wakati wote mlima ule tuliuweka ndani ya nchi hii, kwa vile ramani imeuzungushia South Africa.

Nahimana akauliza, bila ubaya wowote:

— Sasa Armel akitoka na ile karatasi, wakati wa kurudi watamfungulia?

Melvin akasema yeye huonyesha tu pasipoti, hakuwahi kuliwaza hilo. Akapiga simu kwa watu wawili. Mmoja akamwambia hawaangalii sana. Mwingine akamwambia anamjua mtu aliyerudishwa mpakani, na hajui alilala wapi.

Armel akaweka mkasi mfukoni.

— Melvin, nenda.

— Tumepanga pamoja, bro.

— Wewe ukianguka unaanguka kwenye barafu. Mimi sijui nitaanguka wapi.

Basi Melvin akaenda. Kiti cha gari alikirithi Fiona, Mkenya mwenzake, akarudi na kifundo cha mguu kimevimba na kicheko cha wiki nzima. Koti la sufu nililomnunulia Armel sokoni alilirithi Robot, kwa zile asubuhi zake za kusimama nje. Nahimana alirithi nafasi ya katikati kwenye benchi. Armel alirithi picha moja: Melvin amesimama kwenye weupe, pembeni ameacha nafasi ya mtu. Na mimi nilimrithi Armel, mzima, akinyoa vile vichwa vilivyomngoja.